Kurasa Ambazo Ifrah Hakuzisoma

Kila Jumatatu kabla ya gwaride, wanafunzi wa Gredi ya Saba walijazana mbele ya ukuta wa darasa lao, pale Galbet mjini Garissa, kusoma uhakiki wa Ifrah Korane. Mwalimu wao, Bi. Loise, alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu thelathini, na sheria yake ilikuwa moja tu: ukirudisha kitabu, ubandike ukutani karatasi inayoeleza kina nini na kinamfaa nani, ili mwenzako ajue achukue kipi. Wengi waliandika mistari miwili ya kujikosha. Ifrah alijaza ukurasa mzima.

Alipenda riwaya za kisayansi kuliko chakula. Kuhusu moja ya zamani, iliyochakaa hadi karatasi zikawa za manjano, aliandika kwamba watu wake wanasafiri hadi kwenye nyota lakini wakitaka kuongea na jirani wanatuma barua, maana mwandishi hakuwahi kuota simu ya mkononi. Hata hivyo, aliongeza, hofu yao ya kupotea ndiyo hofu yetu. Darasa lilicheka, kisha likakigombania kitabu. Sifa zikamlevya msichana wa watu, na mlevi hatazami anapokanyaga.

Juma moja alichukua riwaya mpya, Jiji la Umande. Ilisimulia jiji la miaka mingi ijayo lisilojua mvua, linalokunywa maji yanayokamuliwa hewani na mtambo mmoja tu. Mtambo unaharibika, na msichana aitwaye Sena, ambaye mama yake ni mgonjwa, anaondoka kwenda kuutengeneza. Jumapili jioni Ifrah alikuwa amebakiza kurasa kumi na nne na macho yanamwuma. Akajiambia kwamba mwisho wa hadithi kama hizi unajulikana. Akaandika: "Sena anautengeneza mtambo, mama yake anakunywa maji na kupona. Mwenye huzuni asome kitabu hiki."

Aliyekuwa wa kwanza kukiazima ni rafiki yake Mulki. Mama yake Mulki, Fatumo, alikuwa amelazwa hospitalini mwezi wa pili sasa, na kila jioni baada ya shule Mulki alikaa kando ya kitanda chake, akisoma Kiswahili cha kitabu na kukigeuza kuwa Kisomali.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, Mulki alimkuta Ifrah kwenye bomba la shule. Hakupaza sauti.

"Ulisema mama anapona," alisema. "Anakufa, Ifrah. Anakufa maji hayajafika. Nilikuwa nasoma kwa sauti, nikakwama, nikafunga kitabu. Sasa hooyo wangu, kule kitandani, ananiuliza yule mama wa kitabuni aliishia wapi. Nimwambie nini?"

Akamtia kitabu mikononi, akaenda zake. Ifrah alitamani ardhi ipasuke immeze. Neno likishatoka halirudi, na hili lilikuwa limeshafika hadi kitandani mwa mgonjwa. Hakuona njia yoyote ya kulirekebisha, na moyo wake ulijaa giza tupu.

Baada ya masomo alikwenda soko la mifugo, ambako baba yake, Korane, aliuza majani makavu ya mifugo. Alilia kwanza, kisha akaeleza yote. Korane alimketisha juu ya mzigo wa majani.

"Unajua kwa nini tuliondoka Eldas?" aliuliza.

"Ukame uliwaua ngamia, aabo."

"Ukame na mimi. Nilitumwa sahan, kwenda kutazama malisho kabla jamaa hawajahama. Ilikuwa safari ya siku tatu. Siku ya pili nikachoka. Nikaona mawingu upande ule, nikarudi nikasema kuna nyasi. Baba yangu hakuuliza mara ya pili, maana aliyetumwa sahan huaminiwa. Tukahama. Hatukukuta hata unyasi wa kuchokolea meno, na ngamia wakafa mmoja mmoja. Baba alikufa akiamini mvua ndiyo iliyotudanganya. Sikumwambia kamwe." Alijifuta uso kwa kitambaa cha begani. "Wewe, yule uliyemdanganya bado yuko hai. Soma kurasa zako, kisha uende."

Ifrah alizisoma palepale, juu ya mzigo wa majani, machozi yakimtoka.

Kesho yake Korane alimsindikiza hospitalini, akabaki mlangoni mwa wadi. Fatumo alikuwa amekonda sana. Mulki alipomwona Ifrah aligeukia ukuta.

"Eddo," Ifrah alisema, akimwita Fatumo shangazi kwa heshima, "niliandika mwisho ambao sikuusoma. Yule mama anakufa. Nisamehe. Nawe Mulki, nisamehe."

Fatumo alifumba macho, kisha akayafumbua. "Nilijua tangu binti yangu alipofunga kitabu. Kilichoniuma ni kumwona akilibeba jambo hilo peke yake." Akapumua kwa shida. "Na yule msichana? Baada ya hapo anafanya nini?"

Ifrah akafungua kitabu, akasoma jinsi Sena anavyomzika mama yake, kisha anavyorudi kwenye mtambo, kwa kuwa mama za wenzake bado wana kiu. Alipofika mwisho wa aya ya kwanza, Mulki aligeuka taratibu, akaanza kuyasema maneno yale kwa Kisomali. Waliendelea hivyo hadi ukurasa wa mwisho, na Fatumo hakuachia mkono wa binti yake.

Walipotoka nje, Korane alimwambia mwanawe, "Anayetangulia mbele haruhusiwi kurudi na matumaini yake. Hurudi na alichokiona kwa macho yake, na kama hakufika, husema hakufika. Wengine wanahama kwa neno lake."

Fatumo alikuwa bado hospitalini Jumatatu iliyofuata, na hakuna aliyejua angetoka lini. Ifrah alimweleza Bi. Loise kosa lake, akaibandua karatasi ya zamani na kubandika nyingine. Ilisema: "Nilipoandika mara ya kwanza sikuwa nimefika mwisho. Sasa nimefika. Mama anakufa. Mwenye huzuni asikisome kitabu hiki peke yake."