Kinyozi Aliyemkimbia Dokta Wake

"Nimepata mwingine. Usinitafute."

Dokta aliusoma ujumbe huo katikati ya kliniki. Akawaomba radhi wagonjwa, akatupa koti jeupe kitini, akatoka. Alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mchumba wake alikuwa kinyozi, na harusi ilikuwa mwezi ujao.

Alimkuta chumbani kwake, anahangaika na kifungo cha shati.

"Yuko wapi huyo mwingine?"

"Katoka."

"Tangu lini ukajua kudanganya? Na saluni mbona imefungwa?"

Kinyozi akaficha mikono nyuma. Kachelewa. Dokta alishaona: nyama ya kiganja chini ya kidole gumba imebonyea, na misuli ya mkono inachezacheza yenyewe chini ya ngozi.

"Nipe mkono."

"Unaniomba kama mchumba au kama daktari?"

"Nipe mkono, bwana!"

Akaupapasa, akaugeuza. Akamgonga chini ya goti. Mguu ukaruka kama umechomwa. Dokta akaujua: ule ugonjwa unaokausha misuli, mikono kwanza, kisha ulimi, mwisho pumzi.

"Nani mwingine anajua?"

"Profesa wako. Ndiye aliyenipima, nikamlisha kiapo asikwambie."

"Jana tu nimekula naye! Nashinda nawapima watu baki, wangu mwenyewe..."

"Mimi ulikuwa unanishika mkono. Hukuwa unanipima."

"Ndiyo ukanizulia mwanamke wa hewani?"

"Mwingine angekuwa na matumaini, mpenzi. Angehangaika na mimi huku na huku. Wewe unajua mwisho wake. Kila asubuhi utaniangalia uone nini kimepungua."

"Nitaangalia."

"Dawa ipo?"

Swali hilo Dokta alishalijibu kwa watu wengi, kwa sauti ya upole aliyofundishwa. Safari hii hakuitumia. Akatikisa kichwa.

"Basi nenda, ungali na ujana wako."

"Siendi. Na huo mwezi ujao siungoji. Jumamosi tunafunga ndoa."

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa. Bwana harusi alipoanza kuapa, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yanaburuzika.

"Jamani, bwana harusi kapiga mbili tatu!" akapayuka mjomba.

Watu wakaangua kicheko. Hata Kinyozi akacheka.

Dokta hakucheka. Alidhani ugonjwa ungechelewa kufika ulimini, angalau mwaka. Akamsogelea, akamshika shavu.

"Rudia, mume wangu," akanong'ona. "Polepole. Nataka nikusikie."