Birika la Vigae

Zama zile mji wa Shungi ulikuwa na ukuta wa mawe wenye malango matatu, na waungwana wake wakijifunga vilemba vya hariri na kuchomeka majambia ya mipini ya fedha. Alikuwapo humo mwashi aitwaye Kombo bin Mataka. Msikiti wa Ijumaa aliujenga yeye. Kasri la Fumo, mtawala wa mji, alilijenga yeye. Hata ukipita chooni, Kombo asingekosa kukuonyesha jiwe aliloliweka.

Mwaka huo zilikuja habari kwamba watu wa Vungwe wanakusanya mikuki na ngao, na visima vya Shungi vyote vilikuwa nje ya ukuta. Fumo Ngwali akaamuru lichimbwe birika kubwa nyuma ya msikiti, la kukinga mvua za masika. "Adui akitufungia malango," alisema, "maji hayo ndiyo roho zetu." Kombo aliinama, akitaraji kupewa kazi. Alipewa, lakini hakupewa peke yake.

Mbele ya Fumo alisimama Mwana Mize, mfinyanzi, mjane aliyehamia kutoka bara na kuuza vyungu sokoni. Alikuja na hodhi dogo kichwani, akalitua. "Fumo wangu, chokaa tupu hushika ukuta, maji haiyashiki," alisema. "Hili nimelipaka chokaa iliyochanganywa na vigae vya vyungu, vilivyotwangwa. Maji yamelala humu siku saba." Fumo aliyamwaga maji, akakwaruza hodhi kwa ncha ya jambia. Halikuchubuka.

"Chanda chema huvikwa pete," akasema Fumo, akavua shali yake na kumpa. "Birika likiisha, Mwana Mize ndiye atakayetia bakuli."

Kauli hiyo ndiyo iliyomchoma Kombo. Ada ya Shungi ilikuwa hii: jengo likikamilika, fundi wake hulikandamiza kwa mkono wake bakuli la kauri la kijani katika chokaa mbichi ya ukuta, na maadamu ukuta umesimama, watu hujua kazi ni ya nani. Kombo alikwisha kutia mabakuli kumi na moja. Sasa la kumi na mbili lilikuwa likienda kwa mwanamke wa sokoni! Roho ilimuuma hata mate yakawa machungu kinywani.

"Fumo wangu, nisitiri," alisema. "Masizi ya vyungu vya uji yaingie katika kazi yangu?"

Fumo aliwajua watu wake. "Basi birika liwe na vyumba viwili na ukuta kati. Kila mmoja apake chake. Maji yatahukumu."

Kombo alirudi kwake akiwaza. Kama siri ni vigae, basi yeye atatia vigae vya kiungwana. Akaziteremsha sahani za kauri za nyumbani mwake, zilizotoka Uchina, akazivunja moja moja. Mkewe alilia, "Baba Rehani, hizo ni mahari yangu!" Wapi! Zilitwangwa kinuni mpaka zikawa unga mweupe wa kumeremeta.

Mwana Mize alipita, akachota unga ule kwa vidole. "Fundi, hii haitashika," alisema kwa upole. "Kigae cha chungu kina kiu. Hunywa chokaa, vikawa kitu kimoja. Kauri imeshashiba moto, haina kiu tena."

"Mimi nifunzwe chokaa na wewe?" alijibu Kombo. Akapaka chumba chake, na kwa kweli kiling'aa vizuri kuliko cha mwenziwe.

Masika yakaja, vyumba vyote viwili vikajaa hadi ukingoni. Kisha wakaja watu wa Vungwe. Waliuzingira mji kwa pinde na mapanga, wakavifukia visima, wakakaa kungoja kiu ifanye kazi yao.

Siku ya nane Kombo alishusha jiwe kwa kamba apime. Watu walikuwa wakiteka sawasawa kila upande. Chumba cha Mwana Mize kilikuwa kimepungua kiasi hicho tu kilichotekwa. Chake kilibaki na maji ya kiunoni. Sitamfichia aibu: hakuwafikiria watoto wa mji, wala Rehani wake mwenyewe. Alifikiria uso wa Mwana Mize siku watu watakapojua.

Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali, akateremka katika chumba chake cha birika na patasi, na nyundo aliyoivika matambara isisikike. Akautoboa ukuta wa kati, juu kidogo ya maji yake. Maji ya Mwana Mize yakamiminika upande wake, na kutoka hapo yakaendelea kupotelea ardhini.

Siku ya kumi na nne mji ulipiga kelele. Chumba cha Kombo kilikauka. Cha Mwana Mize kilibaki maji ya kiunoni. Watu wakamshika mfinyanzi. "Mchawi! Masizi yake yameyanywa maji! Atolewe nje ya lango kwa hao wa Vungwe!" Kombo alinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kutamu.

"Fumo wangu," alisema Mwana Mize, "maji yangu yameshuka, kisha yakakoma. Siku tatu hayashuki ila kwa kata za watekaji. Birika lililopasuka halikomi. Niacheni niangalie." Aliteremka, akapapasa ukuta, akapanda na vipande vya chokaa kiganjani. Hakumwonyesha Fumo. Alimwendea Kombo, akamuuliza kama fundi amuulizavyo fundi mwenziwe:

"Fundi, ule ukuta wa kati uliujenga imara mno. Ulichukua mapigo mangapi?"

"Sitini na zaidi," alijibu Kombo. "Ukuta wangu hautoboki kwa mchezo!"

Watu wote wakamgeukia. Kombo alisikia maneno yake mwenyewe, akatamani kuyarudisha kinywani.

Mwana Mize aliliziba tundu. Maji yale ya kiunoni yakagawiwa, kata moja kwa kila mtu, mbili kwa walinzi wa ukuta, na kwa siku ishirini hayakupungua ila kwa kunywewa. Watu wa Vungwe, njaa na homa zilipowazidi, wakakunja mikeka wakaenda zao. Siku hiyo hiyo Mwana Mize alitia bakuli lake birikani, na Kombo akatolewa Shungi, asirudi tena.

Miaka ilipita. Alizeeka katika mji wa mbali, akichoma chokaa ya wengine, bila kutaja alikotoka. Siku moja mchuuzi kijana wa Shungi aliketi tanurini pake kupumzika, akausifu mji wao.

"Tuna birika halivuji tone! Twaliita Birika la Fundi Kombo. Hakuzaliwa mwashi kama yule. Kuta za mji zimejaa mabakuli yake, na hilo la birikani litakuwa la nani mwingine?"

Kombo alikuwa ameyatamani maneno hayo umri wake wote. Sasa alivikwa kilemba cha ukoka, na kilimbana.

"Lilijengwa na mwanamke," alisema. "Mwana Mize, mfinyanzi. Huyo Kombo alikaribia kuwaueni."

Mchuuzi alimtazama mzee yule mwenye mikono iliyobabuka kwa chokaa, akacheka.

"Mzee wangu," alisema, "acha kijicho. Fundi Kombo amekukosea nini?"