Kompyuta Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi Kathure alifungua maktaba ya Kinoru alikofanya kazi, akafagia, akapanguza meza. Kompyuta aliipanguza mwisho, kisha akaifunika tena kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama kiti cha sebuleni.

"Nikiiwasha iharibike, nitasema nini?" alizoea kusema.

Siku moja aliingia Riungu, baba yake Makandi, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, buti zikiwa na matope.

"Muga, mama," alimsalimu. "Viazi vyangu vinanyauka vikiwa bado kijani. Mna kitabu cha ugonjwa huo?"

Kathure alitafuta rafu hadi rafu. "Hakuna, Baba Makandi. Acha namba ya simu, urudi wiki ijayo."

Alirudi. Hakuna. Akarudi tena.

"Mama, viazi havijui kungoja," alisema, akaenda zake.

Baadaye Nelius, mkutubi mwenzake, alihamishiwa hapo kutoka maktaba ya Embu. Alipokiona kitambaa alicheka.

"Ai, dada! Hii ni kompyuta ama bibi harusi?"

Akaiwasha. "Andika hapa unachotafuta."

Kathure akaandika kwa kidole kimoja: ugonjwa wa viazi. Jibu likaja papo hapo. Kitabu kilikuwa Embu.

"Inaonyesha vitabu vya maktaba zote mbili," Nelius alieleza. "Msomaji akikitaka, kinaletwa. Kikifika, tunamtumia ujumbe kwa simu. Haji bure."

"Kilikuwa huko wakati huo wote?"

"Kilikuwa."

Kathure aliketi chini.

Kitabu kilipofika, alimpigia Riungu.

"Mama, shamba limekwisha," Riungu alijibu. "Niling'oa yote, nikatupa mtaroni. Sasa la Kinoti jirani limeanza kunyauka."

"Pole sana. Kitabu kinasema usitupe mtaroni, maji hueneza ugonjwa. Mmea ukinyauka tu, ung'olewe na udongo wake, uzikwe mbali na shamba. Kwako panda mahindi au kabichi kwanza. Na mbegu za viazi ziwe safi. Ningekuambia mapema, Baba Makandi."



"Soma tena hapo pa kung'oa," Riungu akasema. "Kinoti yuko hapa, anasikiliza."

Kinoti aliokoa sehemu kubwa ya shamba lake. Riungu alipanda mahindi.

Siku hizi Kathure hasemi "hakuna" kabla ya kuandika kwenye kompyuta. Kitambaa alikirudisha nyumbani. Kila akikiona, humkumbuka Riungu pale mlangoni na buti zake, akingoja.