Umemwomba Baba, Shamba ni la Mama

"Andrea, huyu ni wewe?"

Judith alimsogezea mchumba wake simu kabla hajavuta kiti. Kwenye video, Andrea anatabasamu katikati ya migomba: "Kiwanja Bigwa juu, mandhari ya Uluguru, hewa safi! Wahi kabla hakijachukuliwa!"

Jamani, mtangazaji haachi kutangaza. Alisoma habari kwenye televisheni Dar mpaka kipindi kikafutwa, akahamia Morogoro kuuza viwanja. Watu walimwamini kwa ile sauti tu.

"Ni mimi, mpenzi. Kimeshauzwa. Nilitaka kukushtua kwa furaha, tuwe na pesa ya harusi kabla ya posa ya Jumamosi."

"Umeuza shamba letu?"

"Sikuiba! Nilikwenda kwa mzee Raphael, nikapiga magoti, akaridhia. Si baba yako mzazi?"

Judith alikaa.

"Baba ameoa pale, Andrea. Hana hata mgomba mmoja. Shamba ni la ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba Lukasi. Uliuliza Waluguru tunarithi ardhi kwa nani?"

"Sikuuliza. Mbona mzee hakuniambia?"

"Baba tutamalizana naye nyumbani. Lakini wewe nilikupeleka pale mimi, kwa mkono wangu, nikakuonyesha nilikozaliwa!"

Simu ikaita. Mjomba Lukasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huyo kijana wa televisheni ndiye uliyempandisha huku?"

"Ndiye."

"Watu wa mnunuzi wake wamekuja na mapanga. Migomba ya bibi yako yote iko chini. Mwambie Jumamosi asije."

Andrea alimpigia mnunuzi palepale, akabembeleza, akaapa kumrudishia chake. Mnunuzi akacheka.

"Bwana mdogo, si ulisema niwahi? Nimewahi."

Simu ikakatwa. Andrea akamshika Judith mikono.

"Tuondoke. Tukafunge ndoa bomani, mimi na wewe tu."

"Nikizaa binti, nitamwambia kwao ni wapi? Mtoto wangu ni wa ukoo wangu, Andrea. Nikikufuata wewe, namzaa mgeni kila mahali."

"Judith, nakupenda."

"Nami nakupenda. Ungekuwa adui, ningekwenda zangu nikalala."

Wote wawili walilia, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi Andrea alipanda Bigwa na mshenga wake, mzee mmoja mpole, wakiwa wamevaa suti. Alijipa moyo kwamba Mjomba Lukasi akimwona ana kwa ana, atalegea.

Mjomba hakufoka. Aliwapa viti, akawapa maji ya kunywa, akamsikiliza mshenga mpaka mwisho. Kisha akasema, kama inavyosemwa kwenye kila posa:

"Sisi hatuna la kujibu mpaka binti aseme kama anawafahamu wageni. Judith! Hebu njoo."

Judith alitoka amejifunga khanga, macho yamevimba. Andrea alisimama. Alimwangalia kwa matumaini ya mtu asiyekuwa na kingine duniani.

"Binti yangu," mjomba akauliza taratibu, "huyu kijana unamfahamu?"

Judith alimtazama Andrea kwa muda mrefu. Kila aliyekuwepo aliona jinsi anavyompenda.

"Simfahamu, mjomba."

Mshenga akainuka, akaokota kofia yake.