Kila Baada ya Dakika Mia

Ilikuwa Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Majirani husema ulikuwa usiku wa manane, na kwamba mbwa walibweka. Mbwa hakuna mtaani kwetu, na jua siku hiyo lilichoma hadi mabati yakalia. Lakini nimechoka kuwasahihisha. Nitasimulia niliyoyaona, basi.

Marehemu dada yangu alikuwa akitotolesha vifaranga katika chumba cha uani. Kila baada ya dakika mia aliyageuza mayai kwa mkono, moja moja, akiyaita "wanangu". Upande mmoja wa kila yai aliuchora msalaba kwa mkaa, ili ajue lipi amekwisha kuligeuza. Kwa nini mia, hakumwambia mtu. Alipofariki, binti yake, ambaye ni fundi wa kompyuta, alikirithi chumba kile na kufunga mota ya kuinamisha trei za mayai; misalaba hakuichora tena. Alijaribu kila saa moja, kisha kila saa mbili. Makundi mawili yalifia ndani ya maganda. Ukoo ukaamua: la tatu likifa, chumba kinavunjwa.

"Basi nitafuata mia za Mama," akasema.

Hapo ndipo maudhi yalipoanza. Ndani ya kompyuta mna ratiba: unaiandikia dakika na saa, nayo hutimiza amri bila kukumbushwa. Lakini ratiba hiyo hujua kuigawa saa na siku tu, na mia haigawanyi siku sawasawa. Kila ilipofika saa sita ya usiku ilianza kuhesabu upya, na mota ikageuza kabla ya wakati.

"Mjomba, mashine hii ina kichwa kigumu kuliko wewe!"

"Mimi nina mvi. Yenyewe ina kisingizio gani?"

Baada ya kuandika na kufuta hadi macho yakamwiva, alipata njia. Aliiamuru ratiba iamke kila dakika na kuuliza swali moja tu: tangu mara ya mwisho, mia zimetimia? Zikitimia, mota igeuze, na wakati huo uandikwe kwenye faili. Mambo yakanyooka.

Siku ya kumi na nane yai haligeuzwi tena. Kifaranga anajipanga kutoka, na ukimsumbua anakufa. Siku hiyo ndiyo ile Jumanne. Asubuhi aliufuta mstari wa amri ile kwenye ratiba, akaichomoa na mota.

Saa sita na dakika arobaini, faili likajiandika. Akasonya, akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Saa nane na dakika ishirini, likajiandika tena. Mimi niliyejifunza kusoma uzeeni nilizitamka tarakimu zile mara mbili, nikidhani nimekosea.

"Umeandika wewe?" nikanong'ona.

"Mikono yangu hii hapa, Mjomba."

Tukaenda uani. Kufuli lilikuwa mlangoni, ufunguo shingoni mwake. Trei zilikuwa zimelala vilevile alivyoziacha. Mota ilikuwa baridi.

Kila yai lilikuwa na msalaba. Juu.

Nikagusa mmoja. Mkaa ukabaki kidoleni.

Mota huinamisha trei. Haiwezi kuligeuza yai. Wala haishiki mkaa.

Mpwa wangu hakupiga kelele. Alikuwa amekasirika, kama mtu aliyevurugiwa kazi na mzazi asiyesikia.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "utawaua. Siku zimetimia. Waache."

Mwisho wa trei, yai moja lililokuwa likizunguka taratibu likasimama.

Saa kumi kamili faili halikubadilika. Ijumaa vifaranga walitoka, karibu wote, na chumba hakikuvunjwa. Watu husema tulifanya tambiko. Waseme.

Alasiri ya Ijumaa hiyo mpwa wangu alijitupa kwenye mkeka sebuleni, akalala kwa ubavu wa kulia, uso ukutani. Siku tatu hakuwa amepata usingizi wa maana. Nilikaa kitini na gazeti langu. Sikutoka. Sikusinzia.

Nilipoinua macho, alikuwa amenigeukia.

Alikuwa katika usingizi mzito, mdomo wazi kidogo. Na shavuni, upande wa juu, palikuwa na msalaba wa mkaa.

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Nikaitazama saa ya ukutani, nikaanza kuzihesabu dakika.