Pipa Zima Chini ya Bembea

Jumatatu ile, maji ya moto yalipogusa vigae chini ya bembea, kitu kililia. Hakikulia kwa nguvu. Kilitoa sauti nyembamba, mara moja tu, kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango, kisha kikanyamaza. Bi Reki akasimama na ndoo tupu mkononi, akaangaza macho huku na huku. Bustani ilikuwa nyeupe kwa jua la saa sita, vivuli vimejikunyata chini ya miti, hapana paka, hapana mtoto, hapana mtu. Halafu ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni plastiki tu," alijiambia, ingawa plastiki yenyewe hakuiona. Akachota ndoo ya pili kutoka kwenye pipa lililokuwa likitokota juu ya mafiga, akamwaga tena.

Ndivyo walivyoua magugu pale. Dawa ya magugu ilipigwa marufuku bustanini, maana watoto hula mchanga kuliko kuku, kwa hiyo majani yanayoota kati ya vigae yalichomwa kwa maji yanayochemka. Kwa miaka thelathini kazi hiyo ilikuwa ya mzee mmoja waliyemwita Mzee Birika. Mzee alikuwa na taratibu zake. Aligonga kigae mara tatu kwa fimbo, akasema, "Pisheni jamani, maji ya moto," akangoja mpaka sigara yake ifike nusu, ndipo amimine birika moja, polepole, kama anayemmiminia mgonjwa uji. Kutwa nzima alimaliza vigae ishirini. Wenzake walimcheka hadi mbavu zikawauma, na hakuna aliyemwigiza vizuri kumshinda Bi Reki. Huyu naye jina lake alilipata kwa sababu hakuna aliyepata kumwona bustanini bila reki begani.

Mzee akastaafu. Akaja Bwana Afisa, mkuu mpya wa bustani, kijana wa tai iliyokazwa mpaka macho yakamtoka. Uwanja wa watoto ulikuwa umepata bembea mpya tatu, na Jumamosi wakubwa wa mji walikuwa wanakuja kuufungua.

"Sitaki kuona jani hata moja kwenye vigae," alisema asubuhi ile. "Na ni leo, si kesho. Mwaga hata pipa zima!"

Bi Reki hakugonga. Hakusema pisheni. Alimwaga pipa zima.

Binti yake, Kipusa, alikuwa na miaka minane, kitinda mimba na mboni ya jicho la mama yake. Akitoka shule mchana hupitia bustanini, hucheza, humngoja mama amalize kazi. Jumanne Bi Reki alimwona kwa mbali, amesimama mbele ya bembea ya katikati, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya mwalimu. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Bembea za pembeni zilikuwa zimetulia tuli. Ya katikati ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, taratibu, na kiti chake cha mpira kimebonyea kwa uzito wa mtu mzima.

"Kipusa! Unaongea na nani?"

"Na huyu mama."

"Mama gani?"

"Huyu hapa, aliyempakata mtoto." Kipusa alishusha sauti, kama tufanyavyo mbele ya mgonjwa. "Mtoto hawezi kukaa, mama. Ngozi yake inatoka. Ameniuliza nani alimwaga maji."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni mama yangu. Akasema asante."

Bembea ilisimama. Haikupunguza mwendo kwanza. Ilisimama ikiwa imeinuka juu, kwa nyuma, ikakaa hivyo hewani, kisha minyororo ikalegea ghafla na kiti kikarudi mahali pake kitupu. Bi Reki alimbeba mtoto na kukimbia, na reki aliiacha hapohapo.

Jumatano, saa sita kamili, Kipusa alipiga yowe darasani. Walipomvua soksi, vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimejaa malengelenge, na soksi yenyewe ilikuwa kavu. Kwenye zahanati, muuguzi aliugeuza ule mguu, akamtazama Bi Reki kwa jicho la kuua.

"Haya ni maji ya moto, mama."

"Alikuwa shule, dada yangu. Waulize walimu wake."

"Malengelenge hayadanganyi. Wewe ndiye unayedanganya." Akaandika kitu kwenye kadi, akaikandamiza kalamu. "Nikiona mengine juu ya haya, huyu mtoto harudi kwako. Nitawaita ustawi wa jamii mimi mwenyewe."

Alhamisi Bi Reki hakwenda kazini. Alikaa kitandani, mguu wa mtoto mapajani mwake, milango imefungwa, moto hakuwasha, hata chai hawakunywa. Ilipofika saa sita chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mbele ya macho yake wekundu ulipanda kutoka kwenye vidole, ukafunika kifundo, ukapanda ugoko, sawasawa kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, ukakoma chini ya goti. Kipusa alilia mpaka sauti ikaisha. Bi Reki alilia naye, na akiwa analia alipiga hesabu asiyoitaka: kesho paja, keshokutwa kiuno, na moyo hauko mbali na hapo.

Jioni ya siku hiyo alimwachia jirani mtoto, akaenda kwa Mzee Birika, aliyekuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya duka la kinyozi. Mzee alikuwa akisikiliza mpira redioni. Hakumkaribisha kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniigiza?"

Bi Reki alipiga magoti palepale mlangoni, akamweleza yote. Mzee alizima redio.

"Hukugonga?"

"Sikugonga."

"Birika ngapi?"

"Pipa, Mzee. Pipa zima."

Mzee alijishika kichwa. "Pipa zima! Juu ya paa la watu, saa sita mchana, wamelala na watoto wao! Wewe ungefanyiwa hivyo ungekaa kimya?"

"Nisaidie, baba yangu. Niombee radhi."

"Radhi gani? Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka thelathini nimekaa nao kwa adabu, wao kwao na mimi kwangu, ninyi mkaniona mzee aliyepungukiwa." Hasira ilimpanda, ikashuka. "Nenda kesho saa ileile. Usipeleke ubani, usipeleke kuku, huyu hahongwi. Atakuuliza neno moja tu: nani. Useme, ni mimi. Basi."

"Halafu?"

Mzee aliitazama mikono ya Bi Reki, mikono mipana yenye sugu za miaka ya jembe na reki. "Atachukua kilichomwaga. Itakauka mpaka kwenye viwiko. Lakini mtoto atakuachia."

Bi Reki aliifutika mikono kwapani bila kujijua. "Na nisiposema ni mimi?"

"Atapokea jina lolote utakalompa. Yeye anadai, hachunguzi. Ndiyo maana nakuonya, binti yangu. Sema ukweli."

Njia nzima ya kurudi Bi Reki alijikaza. Mikono si kitu, alisema. Mama gani angepima mikono na mwana? Na alimaanisha. Ijumaa alifika bustanini akiwa na maneno mawili tu kinywani, ni mimi, ni mimi, akiyarudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Saa sita ikapiga, na ndege wote wakakata sauti kwa pamoja, na jua likawa kali lakini halina joto, na ile harufu ikapanda kutoka kati ya vigae, si ya nywele tu sasa bali ya nyama, na bembea ya katikati ikabonyea, ikaanza kwenda, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila ikija mbele Bi Reki aliona kidogo zaidi, kwanza nguo iliyolowa, kisha magoti, kisha kile kilichopakatwa juu ya magoti, kidogo, chekundu, kinachopumua kwa shida kama kitoto chochote kinachoumwa, na akajua kwamba bembea ikija mara moja nyingine atauona uso, na kwamba akishauona hatausahau mpaka anaingia kaburini, na mikono yake ikaanza kumwasha kuanzia kwenye kucha.

"Nani?" iliuliza sauti, karibu kabisa na sikio lake.

"Bwana Afisa," alisema Bi Reki.

Lilimtoka hivyo, lenyewe, kabla hajalishika. Bembea ilipunguza mwendo.

"Ana mtoto?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Alikuwa nayo, na aliiona.

"Anaye," alinong'ona. "Mmoja tu. Wa kiume."

"Asante."

Alipofika nyumbani Kipusa alikuwa anaruka kamba uani. Mguu ulikuwa mzima, safi kama sahani iliyooshwa, hata kovu hakuna. Bi Reki alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alifurahi, lakini hakuthubutu kumtazama machoni.

Jumamosi mji mzima ulihamia bustanini. Utepe, spika, viti vya wageni. Wakubwa walichelewa, kama kawaida ya wakubwa, hivyo hotuba zilifika mpaka jua la utosini. Bwana Afisa alishika kipaza sauti, akamtaja Bi Reki mbele ya watu wote.

"Tazameni vigae hivi! Hamna jani hata moja! Tumpigie makofi fundi wetu!"

Walimpigia makofi. Kisha Bwana Afisa akaweka kipaza sauti chini, akamnyanyua mwanawe, kitoto cha miaka mitatu chenye viatu vipya, kikicheka na kurusha miguu. Huyu ndiye angekuwa wa kwanza kubembea. Akaanza kuvuka vigae kuelekea bembea ya katikati.

Kipusa alimvuta mama yake sketi.

"Mama, yule mama yuko pale. Amemlaza mtoto wake chini, amenyoosha mikono ampokee huyu." Akaivuta tena ile sketi. "Mama, mwambie baba yake! Hamwoni!"

Zilikuwa zimebaki hatua kumi. Neno moja lilitosha, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kulisema. Bwana Afisa angegeuka. Kisha yule wa kwenye bembea naye angegeuka, aulize tena, nani.

Zikabaki hatua nne. Kipusa alivuta pumzi ndefu apige kelele, na Bi Reki akamziba mdomo kwa mkono wake, mzima na wenye nguvu, akambana hivyo mpaka mtoto wa watu akakaa kwenye bembea.