Goti Si la Kuegeshwa

Mimi ni Mwanne, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, na goti langu la kulia ni kaidi kama mwenyewe. Mwaka jana lilianza kuuma. Mume wangu Djibril ni fundi magari. Kwake yeye, kifaa kinachosagika kinaegeshwa. Basi akaninunulia kiti cha plastiki, akakiweka kwenye msala wangu wa kusalia, akasema nisipige magoti tena. Hata sokoni akanikataza kwenda kwa miguu.

Nikatii miezi minne. Naona aibu kusema. Goti likakakamaa, paja likakonda. Kila nilipowaona wenzangu wakisujudu, machozi yalinitoka. Nilitaka paji langu la uso liguse msala tena, hilo tu.

Jirani yetu Chanelle anafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Alinikuta nimekaa, akauliza nani kanifunga pale. Nikamwonyesha fundi.

"Papa Amissi, chuma hakina uhai," alimwambia Djibril, akimwita kwa jina la mwanetu. "Goti linao. Ncha za mifupa zina gegedu, ule ulaini mweupe unaoutafuna kwenye mfupa wa kuku. Ndani yake mna seli, vitu hai vidogo sana. Ukikanyaga, zinabanwa, zinasikia uzito. Ukiachia, zinapata chakula, zinalitunza gegedu. Zisiposikia uzito, zinalegeza kazi."

Djibril akauliza kama basi mkewe abebe gunia la mchele. Chanelle akasema apana, uzito mkubwa wa ghafla unaziumiza seli. Zinataka haba na haba, kila siku. Goti likivimba au likiuma zaidi kesho yake, unapunguza.

Djibril akasema nyumbani kwake jambo hilo halifanyiki. Nikainuka kitini.

"Goti ni langu," nikamwambia. "We kafungue maboneti yako."

Nikaanza. Kukaa na kuinuka mara kumi, asubuhi na jioni. Kutembea hadi msikitini na kurudi. Siku moja goti lilivimba. Nikapunguza, lakini sikuacha. Djibril alininunia wiki nzima, akachoka mwenyewe.

Mwezi wa nne wa mazoezi, siku ya Ijumaa, nilishuka chini. Goti lilinung'unika kidogo. Paji likagusa msala, nikakawia pale kwa furaha.

Kiti nimekipeleka gereji. Siku hizi Djibril anakikalia mchana kutwa, na goti lake limeanza kukakamaa. Nimemwambia ainuke.